Usimhukumu Mtu kwa Matokeo Peke Yake

Bismillahir Rahmanir Rahim.



Leo naomba mnivumilie, nitazungumzia mpira. Na si mpira huu wetu wa Simba na Yanga. Ni ule wa Wamarekani, wa kofia ngumu na mabega yaliyotuna, unaorushwa kwa mkono. Najua wapo watakaosema shekhe kaishiwa mada. Someni mpaka mwisho, kisha mnihukumu. Na mkinihukumu, iwe kwa uadilifu, kwa sababu mada yenyewe ndiyo hiyo.

Ndugu yetu mmoja anaishi Clarkston, jirani na mji wa Atlanta. Pale wapo wazungumzaji wa Kiswahili wengi waliofika kama wakimbizi kutoka Congo na Burundi. Anafanya kazi ya usiku kwenye kiwanda cha kuku, na burudani yake ya Jumapili ni timu ya Atlanta Falcons. Amenitumia ujumbe wa sauti akiuliza hivi: "Shekhe, nimemtukana sana kocha wa mashambulizi wa timu yetu. Mitandaoni nimemtukana, na nyumbani mbele ya TV nimemtukana. Yeye hanijui na mimi simjui. Je, hapo kuna dhambi?"

Nikamuuliza kilichomfanya aulize leo, maana mpira ameanza kuuangalia miaka mingi. Akanyamaza kidogo, kisha akaniambia. Mwanawe wa miaka kumi anacheza kwenye timu ya shule. Juzi mtoto alidondosha mpira, timu ikafungwa. Baba alipokwenda kumchukua, mtoto aligoma kuingia kwenye gari. Alipobembelezwa akasema: "Utaniita kama unavyomwita yule kocha."

Subhanallah. Mtoto alikuwa akisikia siku zote.

Kwa hiyo swali hili si la mpira tena. Lakini nataka tulijibu kupitia mpira huohuo, kwa sababu ndugu yetu alinipa na hoja yake. Alisema: "Shekhe, hujui tulichofanyiwa. Katafute mechi ya mwaka 2017 uone." Basi nikaitafuta. Nimeiangalia yote, matangazo na muziki wa mapumziko nikiviruka, na nimemuuliza yeye mwenyewe kila nisichokielewa. Allah anatukataza katika Surat al-Israa, aya ya 36, tusifuate jambo tusilokuwa na elimu nalo. Nisingeweza kumtetea mtu wala kumlaumu bila kuangalia.

KAZI YAKE NI IPI?

Katika mpira huo, chini ya kocha mkuu wapo wasaidizi wawili wakubwa, mmoja wa ulinzi na mmoja wa mashambulizi. Kocha wa mashambulizi mara nyingi ndiye anayechagua, kila mchezo unapoanza upya, kama timu irushe mpira au ikimbie nao, na nani aende wapi. Baina ya mchezo na mchezo saa inahesabu sekunde 40. Maelekezo yanapita kwa redio iliyo ndani ya kofia ya mrushaji, na redio hiyo inakatwa zikibaki sekunde 15. Maana yake ana kama sekunde 25 za kuangalia, kufikiri, kuchagua na kusema. Kisha wachezaji 11 wanatakiwa watekeleze, na wengine 11 kazi yao ni kuharibu.

Sisi tuliokaa kwenye kochi tuna usiku mzima, marudio ya picha, na matokeo tunayajua tayari.

USIKU WENYEWE

Ilikuwa tarehe 5 Februari 2017, mjini Houston, fainali wanayoiita Super Bowl. Falcons dhidi ya New England Patriots. Kocha wa mashambulizi wa Falcons aliitwa Kyle Shanahan. Msimu ule timu yake ilifunga pointi 540, hakuna timu iliyofunga zaidi katika ligi nzima. Mrushaji wake, Matt Ryan, alipewa tuzo ya mchezaji bora wa ligi.

Na katika kikosi kile alikuwamo Muislamu, Mohamed Sanu, ambaye asili yake ni Sierra Leone. Siku chache kabla ya fainali, tarehe 27 Januari, Rais Trump alitia saini amri ya kuwazuia raia wa nchi saba za Kiislamu kuingia Marekani. Waandishi wakawa wanamuuliza Sanu habari hiyo wiki nzima. Nawatajia ili mjue kwamba hata mambo haya tunayoyaona ya mbali, ndugu zetu wamo ndani yake.

Falcons wakaongoza 28 kwa 3. Watu wakaanza kusherehekea. Kisha Patriots wakafunga pointi 31 mfululizo, wakashinda 34 kwa 28 katika muda wa nyongeza. Ilikuwa mara ya kwanza Super Bowl kufika muda wa nyongeza. Mpaka leo ukimwandikia shabiki wa Atlanta tarakimu hizo mbili, 28 na 3, umemtonesha kidonda.

Lawama kubwa zikamwangukia Shanahan. Mashtaka yao ni mawili, na ninayaeleza kwa uadilifu.

Shtaka la kwanza: wakiwa wanaongoza 28 kwa 12, walihitaji yadi moja tu kuendelea kuumiliki mpira. Kocha akachagua kurusha. Mrushaji akabanwa, mpira ukatolewa mkononi mwake, na adui akaufanyia kazi.

Shtaka la pili ndilo linalouma zaidi. Matokeo yakiwa 28 kwa 20, dakika zimebaki chache, mpokeaji wao Julio Jones alidaka mpira pembezoni kabisa mwa uwanja, udakaji ambao hata mimi nisiyejua mpira huu nilisema mashaallah. Wakawa yadi 22 kutoka mstari wa adui. Hapo wangekimbia na mpira mara tatu, saa ikatembea, kisha mpigaji wao akaupiga upite katikati ya nguzo, wakapata pointi 3. Ingekuwa 31 kwa 20, na kwa hesabu ya watu, mechi imekwisha. Kocha akachagua kurusha.

ANGALIA KILICHOTOKEA KWELI

Ndugu yangu, watu wanasimulia kwamba hakukimbia kabisa. Si kweli. Mchezo wa kwanza pale kwenye yadi 22 walikimbia, wakapoteza yadi moja. Mchezo wa pili ndio akaita kurusha. Mrushaji akaangushwa na mpira mkononi, wakarudi nyuma yadi 12. Angeutupa mpira nje, wangebaki palepale na pigo la pointi 3 lingekuwepo. Mchezo wa tatu wakarusha kwa Sanu, akapata yadi 9, umbali ukarudi kuwa wa kupigika. Lakini mwenzao alimshika mpinzani kinyume cha kanuni. Yadi 9 zikafutwa, na wakarudishwa nyuma yadi 10 nyingine. Wakatoka kwenye umbali wa kupiga nguzo, wakalazimika kuupiga mpira mbali na kuukabidhi kwa adui.

Hesabu sasa. Kocha aliita mchezo. Mmoja hakuzuia vizuri. Mmoja hakuutupa mpira. Mmoja akashika asiporuhusiwa. Sitawataja majina, sikuja kuhamisha matusi kutoka kichwa kimoja kwenda vichwa vitatu. Nataka uone tu kwamba jambo lililofanywa na watu wengi tumelibandika kwenye paji la uso la mtu mmoja.

Na angalia pia waliwezaje kufika yadi 22. Walianzia karibu kabisa na mstari wao wenyewe. Mpira wa kwanza mkubwa, yadi 39, ulirushwa. Wa pili, ule wa Julio Jones, yadi 27, ulirushwa. Ujasiri uleule uliowafikisha pale ndio ulioitwa ujinga dakika moja baadaye. Jones alipodaka hakuna shabiki aliyeandika kwamba kocha huyu anahatarisha. Waliruka kwenye makochi!

Na ulinzi je? Kocha wa mashambulizi hawapangi walinzi. Usiku ule Patriots walicheza michezo 93 ya kushambulia, Falcons 46 tu. Walinzi wa Falcons walikuwa hoi. Wanaojua mpira watanijibu kwamba walichoka kwa sababu washambuliaji wao walikuwa wanamaliza haraka na kurudi benchi. Ni kweli kwa sehemu, naikubali hoja hiyo. Lakini kabla ya mapumziko mlinzi wao aliupokonya mpira na kukimbia nao yadi 82 mpaka kufunga. Wote walishangilia. Walinzi walewale wakarudi tena uwanjani bila kupumzika, kwa sababu washambuliaji hawakupata zamu. Hata furaha yao ilichangia uchovu wao. Nani alisema hivyo usiku ule?

Na katika muda wa nyongeza, kwa kanuni za wakati ule, timu iliyopata mpira kwanza ikifunga goli kamili mechi inaisha. Patriots walishinda kura ya sarafu, wakafunga. Shanahan hakupata kuita hata mchezo mmoja.

Je, hakukosea? Alikosea. Ule mwito wa pili pale kwenye yadi 23 mwenyewe alikiri baadaye kwamba anaujutia. Simtetei kwa kusema hana kosa. Namtetea dhidi ya kuambiwa kwamba kosa lote ni lake, na kwamba yeye ni mjinga, na mengine ambayo siwezi kuyaandika hapa.

Na ukitaka kujua uzito wa kazi aliyokuwa anaifanya, angalia baada yake. Aliondoka akawa kocha mkuu wa San Francisco. Msimu uliofuata, mrushaji yuleyule, Julio Jones yuleyule, na kocha mpya wa mashambulizi, Steve Sarkisian: pointi zikashuka kutoka 540 hadi 353. Basi lawama zikahamia kwa Sarkisian. Mwisho wa msimu wa 2018 naye akaachishwa kazi. Kiti kilekile, matusi yaleyale, jina tu limebadilika.

DINI INATUFUNDISHA NINI?

Kwanza, neno "lau". Mtume wetu (s.a.w.) ametufundisha katika hadithi aliyoipokea Imam Muslim kwamba likitupata jambo tusikae tukisema lau ningefanya hivi ingekuwa vile, kwa kuwa lau hiyo inafungua mlango wa kazi ya shetani. Haikatazwi kujifunza kutokana na kosa. Inakatazwa ile lau ya kujitesa na kutesa wengine, inayojifanya inajua ghaibu. Wewe unajua kwa yakini kwamba wangekimbia mara tatu wasingepoteza mpira? Unajua kwamba pigo lile lisingegonga nguzo?

Pili, kumbuka Uhud. Na hapa naweka wazi, hasha, silinganishi mchezo na jihadi wala makocha na Masahaba, Allah awe radhi nao. Nachukua adabu tu. Mtume (s.a.w.) alishauriana na watu kabla ya Uhud, wakatoka nje ya Madina. Mwanzo ushindi ulionekana. Wapiga mishale 50 waliamriwa wasiondoke mlimani, wengi wao wakashuka. Mambo yakageuka, wakauawa Waislamu 70. Wanafiki waliobaki nyuma wakaanza: lau wangetutii wasingeuawa. Allah akawajibu katika Surat Aal Imran. Lakini waliokosea, ambao kosa lao lilikuwa la wazi kabisa, Allah alimwamuru Mtume wake awasamehe, awaombee maghufira, na azidi kushauriana nao. Aya ya 159, ifungue leo uisome na tafsiri yake.

Tazama jambo hili. Baada ya msiba ule hakuambiwa awaache, asiwatake ushauri tena. Aliambiwa aendelee kuwashirikisha. Na sisi mtu akikosea mara moja kwenye jambo la mchezo tunataka asipate kazi mpaka kufa.

Tatu, utaniambia: "Shekhe, lakini yule si Muislamu." Surat al-Maida, aya ya 8, inatukataza chuki yetu kwa watu isitupeleke kuacha uadilifu. Ikiwa tumeamrishwa uadilifu hata kwa tunaowachukia, vipi kwa mtu ambaye kosa lake kwako ni kurusha mpira ulipotaka akimbie?

Nne, ile hadithi ya muflisi. Atakuja mtu Siku ya Kiyama na swala zake, funga zake na zaka zake, lakini alimtukana huyu, akamsingizia yule. Watalipwa kutoka kwenye mema yake mpaka yaishe. Ndugu yangu wa Clarkston, unafanya kazi usiku kucha na bado unaamka Alfajiri. Thawabu hizo unataka uzigawe kwa sababu ya Falcons?

Na kuna jambo sitaliacha. Baadhi yenu hasira zenu kwa makocha si za mpira, ni za mkeka uliochanika. Mwaka 2018 Mahakama Kuu ya Marekani ilifungua mlango kwa majimbo kuruhusu kamari ya michezo, na kwetu huku imejaa kwenye kila simu. Umeweka pesa ya kodi ya nyumba kwenye haramu, kisha unamtukana kocha kana kwamba yeye ndiye aliyekutuma. Tubia kwanza hilo.

MIMI MWENYEWE

Msidhani naongea nikiwa juu ya mimbari ya wasiokosea. Miaka iliyopita kwenye msikiti wa mtaa wetu tulichanga pesa za paa. Mweka hazina wetu, mzee mpole, alinunua mabati Shaaban, kwa kuwa muuzaji alimwambia bei itapanda na mvua zilikuwa zinakaribia. Baada ya mwezi bei ikashuka. Lo! Tulimkalia barazani kila baada ya Isha, tunapiga hesabu ya tofauti. Na mimi, kijana nimepewa maikrofoni, nikasema kwenye darsa kwamba kuna watu hawana uchungu na mali ya Allah. Jina sikulitaja, lakini kila mtu aligeuka kumwangalia.

Kesho yake alileta funguo na daftari. Kila shilingi ilikuwa imeandikwa. Na mvua zilipokuja, Ramadhani nzima tuliswali Tarawehe chini ya mabati yale bila jamvi hata moja kulowa. Tulihesabu bei, hatukuhesabu mvua. Tulimhukumu kwa alichokuja kujua kila mtu baadaye, si kwa alichokijua yeye siku aliyonunua.

Nilimwendea nikamwomba msamaha. Alinisamehe, tena kwa tabasamu. Lakini hakukubali kushika amana ya watu tena mpaka leo. Na tulipotafuta mweka hazina mwingine, kila tuliyemfuata alisema hapana. Walikuwa wameona tulivyomfanyia mzee. Hiyo ndiyo hasara ambayo haiandikwi kwenye daftari: ukizoea kuwachinja waliothubutu, watabaki kukuongoza wasiothubutu.

UKITAKA KUKOSOA

Kukosoa kunaruhusiwa. Kocha analipwa kwa kazi yake, kiongozi amebeba dhamana, na imamu pia si maasumu. Lakini kabla hujaandika, jiulize matatu.

1. Je, ninajua alichokijua yeye wakati anaamua, au najua tu kilichotokea baadaye?

2. Je, nilisema hivi kabla ya matokeo? Kama kabla ulikuwa unashangilia, basi unailaumu qadari, ila umeivalisha jina la mtu.

3. Je, ningeyasema maneno haya mbele yake, watoto wake wakiwa wamekaa pembeni?

Ukivuka hayo matatu, kosoa kitendo, uache utu wake. Kusema "mwito ule haukufaa" ni maoni. Kumtukana mama yake ni deni.

Na wewe ndugu yangu wa Clarkston, jibu la swali lako ni ndiyo, kuna dhambi, na mlango wa toba uko wazi. Futa ulichoandika, uombe maghufira. Kisha Jumapili ijayo kaa na mwanao muangalie mpira pamoja, bila kupitwa na swala. Kocha akikosea, na atakosea, mtoto atakugeukia akuangalie usoni kabla hajaangalia marudio. Anataka kujua nyumbani kwao mtu akikosea anafanywa nini. Mwambie: "Amejaribu, haikuwa. Tusubiri mpira unaofuata." Hayo tu yanatosha. Siku nyingine akidondosha mpira, ataingia kwenye gari mwenyewe.

Ewe Mola wetu, zisafishe ndimi zetu, tupe uadilifu tukiwa tumeridhika na tukiwa tumekasirika, na utusamehe kwa kila mja wako tuliyemdhulumu kwa neno, tunayemjua na tusiyemjua. Na mzee wetu yule mpe afya na umlipe kheri kwa kila bati. Amin.

Kama yupo mweka hazina, mwalimu, kocha wa watoto au imamu uliyemsema kwa jambo ambalo hukukaa kwenye kiti chake, mpigie simu leo kabla ya Magharibi.

Wallahu a'lam. Wassalamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh.